Mjadala: Mtoto wa awali mwenye mahitaji maalumu asome darasa la mtaani au asubiri kitengo?

Mwalimu wa awali, Makorora, Tanga:

Katika kikao cha wazazi na walimu ilitolewa hoja kwamba mtoto wa miaka mitano mwenye usonji au ulemavu wa akili asiandikishwe darasa la awali la mtaani kwao, bali asubiri nafasi katika shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Naipinga hoja hiyo, ingawa walioitoa hawana nia mbaya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Anayemwambia mzazi asubiri anamnyima mtoto mwaka huohuo.

Sisemi kwamba mazingira yanaridhisha. Uwiano uliowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina zaidi ya 80, mikeka michache na kabati lisilofungika. Hata hivyo, mtoto wangu mmoja aliyekuwa akiziba masikio na kujificha chini ya meza kila wenzake walipoimba irabu nilimchorea kwenye boksi la sabuni picha za shughuli za asubuhi kwa mpangilio wake, yaani mkeka, wimbo, uji, choo na mchezo. Sasa huigusa picha ya wimbo, akatoka mwenyewe hadi barazani, na kurudi uji unapogawiwa. Mwingine, ambaye vidole vyake havishiki vizuri, namzungushia chaki kipande cha mpira wa baiskeli. Hayo hayakuhitaji bajeti, yalihitaji muda wa kumtazama mtoto, na muda ndio ninaoukosa kuliko fedha.

Mama wa mwanafunzi, Duga:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini unazungumzia darasa lako. Binti yangu ni kiziwi. Alikaa mwaka mzima nyuma ya darasa akinakili asichokielewa, na daftari lake lilijaa alama za vema. Kuandikishwa si kufundishwa. Kitengoni alimkuta mwalimu ajuaye lugha ya alama na watoto wanaoitumia, na haukupita muda mrefu akaanza kunieleza alichokula shuleni.

Mwalimu wa awali, Makorora:

Mama, kwa mtoto kiziwi nakubaliana nawe, kwa sababu lugha haifundishwi pasipo watu wanaoitumia. Hoja yangu inawahusu wengine, hasa wa mbali. Kumwelekeza mtoto wa Mkinga au Pangani kwenye kitengo cha mjini maana yake ni bweni, na bweni kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza anapoumwa naliogopa kuliko msongamano wa darasani kwangu. Nchi hii imewahi kuwatumia walimu wanaozunguka shule kwa shule kuwahudumia wanafunzi wasioona. Kwa nini halmashauri isimpangie mwalimu wa kitengo siku mbili kwa wiki katika madarasa ya awali ya kata za jirani, na nauli yake ikawekwa kwenye bajeti?

Mama wa mwanafunzi, Duga:

Na siku hizo mbili watoto wa kitengoni watabaki na nani? Kitengo anachosoma binti yangu kina walimu wawili tu, na mmoja wao amekaribia kustaafu.