Podikasti ya mtu mmoja kuhusu watu na kazi zao: nirekebishe nini kwanza?

Mwaloni_Sauti
Wakuu habari zenu. Naanzisha podikasti peke yangu, bila timu, kuhusu watu wa Mwanza na kazi zao: fundi mitumbwi, mchuuzi wa dagaa pale Kirumba Mwaloni, fundi cherehani, mlinzi wa usiku. Swali ninalolifuata ni moja tu: kazi inampa mtu nini zaidi ya hela? Nina simu ya Android, maiki moja ya waya ya kubana kifuani, kompyuta yenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), na jioni tatu kwa wiki. Majaribio mawili yametoka makavu. Nikiuliza "kazi hii ina maana gani kwako?" najibiwa "namshukuru Mungu, mkono unaenda kinywani", na hapo tumemaliza. Sauti nayo ina muungurumo. Nianze na vipindi vingapi, na nirekebishe nini kwanza?

Dodosa
Maswali kwanza mkuu, maiki itafuata. Hilo jibu si kavu, ni la adabu. Umemuuliza mtu mzima jambo la moyoni dakika ya kwanza, naye amekujibu kama anavyomjibu mgeni yeyote.

Muulize habari za mikono. Leo asubuhi kitu cha kwanza kukishika kazini ni kipi? Ukikuta mtumbwi wa fundi mwingine ufukweni, unaangalia wapi kwanza? Kazi gani uliikataa na mteja alikuwa na hela mkononi? Aliyekufundisha alikukataza nini ambacho mpaka leo hukifanyi? Fundi anayekueleza kwa nini hauachii mtumbwi kabla hajaikagua kalafati (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao) mwenyewe, hata mteja akiwa na haraka, amekwisha kujibu swali lako bila kulitaja neno "maana". Swali la kukataa kazi ndilo linalozaa kuliko yote. Liweke katikati ya mazungumzo, akiwa ameshazoea.

Halafu sikiliza anavyoita. Kiswahili kina kazi, ajira, kibarua, shughuli, riziki, na watu hawayachanganyi ovyo. Mlinzi anaweza kusema "hii ni ajira tu", dakika kumi baadaye akaliita shamba lake "kazi yangu". Hapo mrudishe palepale: mbona lindo umeliita ajira, shamba ukaliita kazi? Kipindi chako kimo humo. Ukikimbilia swali linalofuata kwenye karatasi, umekipoteza. Akimaliza kusema hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla hujafungua mdomo, maana sentensi nzuri huja baada ya ukimya.

Fundi Mitambo
Kuhusu muungurumo: angalia kwanza kama unarekodi simu ikiwa kwenye chaji. Chaja nyingi za bei rahisi hupitisha mlio wa umeme kwenye maiki ya waya. Chaji kabla, chomoa, weka hali ya ndege ili simu isiingie katikati. Zima feni na friji. Funguo zako ziache juu ya friji, hutasahau kuiwasha ukiondoka.

Maiki ibane shubiri moja chini ya kidevu, mbali na lesso, shanga na kola inayosugua. Ufukweni ivike maiki sponji yenye manyoya, ile nyembamba haizuii upepo wa ziwani. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima upandishaji sauti wa kujiendesha. Ukiuacha, kila mtu akinyamaza simu inapandisha kelele za nyuma, na ule ukimya wa Dodosa utajaa mvumo. Rekodi faili la WAV (sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, mono (njia moja ya sauti), vilele vya sauti kwenye kipimo cha programu vikigonga karibu -12 dB. Saa moja inakula kama MB 520, hivyo futa nafasi mapema.

Mazungumzo yakiisha, rekodi dakika moja ya mahali penyewe bila mtu kusema, kisha kazi peke yake: nyundo, cherehani, dagaa wakimwagwa kwenye chekeche. Usirekodi mahojiano huku akipiga nyundo. Ukikata maneno, mapigo yatarukaruka na kila msikilizaji atajua umekata.

Kwenye Audacity: kata masafa ya chini ya Hz 80, kisha sawazisha hadi -19 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa sikio) kwa mono. Kiondoa kelele kitumie kidogo sana, kikizidi kinameza "s" na "f". MP3 ya mono kwa kbps 64 inatoa MB 9.6 kwa dakika 20, na msikilizaji wa bando la siku atakushukuru.

Mama Karani
Ridhaa irekodiwe mwanzoni, kwa sauti yake: jina analotaka litumike, itasikika wapi, na hadi tarehe gani anaweza kujiondoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina la mtu ni taarifa yake. Ofisi ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Kanda ya Ziwa waulize kama maudhui yako yanahitaji leseni, usingoje hadi umepakia.

Kuna madhara ambayo ridhaa haiyazuii. Mvuvi akisema anatumia kokoro (wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku) au nyavu za macho madogo kuliko yanayoruhusiwa, amekiri kosa. Kata, hata kama ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Na anayelipwa kwa kipande, saa yako moja imemla hela. Mlipe muda wake.

Dodosa
Hapo kwenye kulipa natofautiana na wewe dada. Akijua kuna malipo ataanza kusema unachotaka kusikia. Mfuate saa zake za kupumzika.

Mama Karani
Mchuuzi wa dagaa hana saa hiyo, ndugu yangu. Kiasi kitajwe kabla ya maiki kuwashwa, kiwe kilekile akisema mengi au machache. Hapo hana sababu ya kukupendeza.

Mwaloni_Sauti
Nimewaelewa, asanteni. Vipindi vingapi basi?

Fundi Mitambo
Sita, dakika 20 kila kimoja, kimoja kila wiki mbili. Usitoe cha kwanza kabla vinne havijakamilika kuhaririwa. Mgeni ataahirisha, mvua itapiga mabati siku nzima, na ukiwa peke yako hakuna wa kuziba pengo. Usinakili mazungumzo yote kwa maandishi, saa moja inaweza kukula saa nne. Sikiliza mara moja na daftari, andika dakika na maneno matatu: "17:40 alikataa mbao mbichi". Faili ghafi ziweke sehemu mbili kabla hujalala siku hiyohiyo. Na ukituma kipindi WhatsApp, kitume kama dokumenti, chenye jina la mgeni na namba ya kipindi.