Watu wa Takwa walihama kwa nini, na kigae nilichookota nikifanyeje?

Mwalimu wa Kisauni
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Mombasa, na mwezi wa Agosti nilivuka kwenda kisiwa cha Manda, jirani na Lamu, kuyaona magofu ya Takwa kabla ya kuwapeleka wanafunzi wangu. Tulipita katika mkondo mwembamba uliobanwa na mikoko, tukashuka, na baada ya mwendo mfupi tukawa ndani ya mji usio na mtu: mibuyu imeota palipokuwa na makazi, lakini msikiti ungali umesimama, na nguzo yake imeinuka juu ya ukuta wa kibla. Kwa nini watu walioweza kujenga kwa mawe namna ile waliuhama mji wao? Tena nina jambo la kukiri. Karibu na ukuta wa mji niliokota kigae cha kaure, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, cheupe chenye mstari wa buluu, nikakitia mfukoni. Tangu nirudi kimo katika mtoto wa meza yangu na kinanikosesha raha.

Mzaliwa wa Shela
Waalaikumu salaam, mwalimu. Sisi wa Shela, katika kisiwa cha Lamu, tumelelewa tukiambiwa kwamba wazee wetu walitoka Takwa, na sababu inayotajwa ni maji: visima viliingia chumvi. Maji ya mvua yanayozama katika ardhi ya kisiwa hukaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Yakitekwa kupita kiasi, au mvua ikikosekana, ya chumvi hupanda na kisima huharibika. Takwa ipo pale kisiwa kilipokuwa chembamba, mkondo upande huu na bahari kuu upande wa pili. Shela, ng'ambo, ina vilima vya mchanga vinavyonyonya mvua na kuihifadhi, na mpaka leo mji wa Lamu unategemea maji yaliyo chini ya vilima hivyo.

Ila msiseme kwamba Takwa imetupwa. Lipo kaburi la mnara lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwanzoni mwa miaka ya 1680, na watu wa Shela huvuka kwenda kulizuru na kuomba mvua. Wazee waliondoka kwa kukosa maji, na wajukuu wao hurudi palepale kuyaomba. Mimi nilipelekwa nikiwa mdogo, na jambo hilo halijanitoka.

Nahodha
Mwalimu, ukiwapeleka watoto, ingieni maji yakiwa yanajaa na mtoke kabla hayajapwa. Niliwahi kukawia na wageni, tukakaa juu ya tope kati ya mikoko mpaka magharibi.

Mpenda Mambo ya Kale
Mwalimu, umefanya vyema kusema. James Kirkman, ambaye baadaye alikuwa msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya Fort Jesus, alichimbua Takwa mwaka 1951, na vigae kama hicho chako ndivyo vinavyomsaidia mchimbuaji kujua mji uliishi karne zipi. Lakini kigae husema kikiwa katika tabaka lake la udongo. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980 akakuta misikiti ya awali, mmoja chini ya mwingine, hadi ile ya miti ya karne ya 8. Mpangilio ule ungalivurugwa, tusingalijua Uislamu ulifika mapema kiasi gani katika pwani yetu. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inazilinda mali kale, kwa hiyo usikirudishe kwa siri wala usikitupe. Kipeleke Fort Jesus, ueleze ulipokitoa.

Na wanafunzi wako waonyeshe hili: nyumba za Takwa karibu zote zimeelekezwa kaskazini, iliko kibla, kama tunavyoswali sisi hapa Mombasa.

Mwalimu wa Kisauni
Ahsanteni sana. Nasikitika kwamba nilikiosha kwa maji ya bomba usiku uleule. Nimekifunga katika pamba, na nimechora ramani ya ukuta na mahali nilipoinama. Jumatatu asubuhi nitakuwa Fort Jesus.