Mnaoandika kuhusu vitabu kama hobi tu, mnaendeleaje bila kuchoka? Tupeane uzoefu

Msomaji wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Nina blogu ya vitabu tangu 2016, haijawahi kuniingizia hata shilingi na wala sikuianzisha kwa hilo, kazi yangu ni uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kitabu ndo kinachonivusha foleni ya Morogoro Road kila jioni. Nilianzia Blogspot kwa sababu ni bure, unahitaji simu na bando basi.

2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni, maombi laki moja na leseni milioni moja kwa mwaka, nikapiga hesabu kwa mshahara wangu nikaona haiwezekani, nikafunga. (Kanuni zimeshabadilishwa tangu hapo, anayetaka kuanza leo asishike hesabu zangu za 2018, aulize zilivyo sasa.) Ikabidi niwe naandika kwenye kaunta buku. Na hapo ndo nikagundua kitu, zamani nilikuwa nimejiwekea kitabu kimoja kila wiki, nikawa nasoma huku natafuta cha kuposti, yaani niko ukurasa wa 40 na kichwani nishaandika aya ya kwanza. Kwenye kaunta buku hakuna anayekusubiri. Nikaanza kusoma tena kama nilivyokuwa nasoma nikiwa kidato cha pili.

Januari 2020 akafariki Kezilahabi, mwandishi wa Rosa Mistika. Mimi nina kurasa tisa za mkono kuhusu riwaya hiyo na sina pa kuziweka, nikazipiga picha nikatuma kwenye grupu la WhatsApp la watu niliosoma nao. Zikasambaa. Watu nisiowajua wakaanza kunitumia jinsi walivyokisoma wao, kile kitabu kilitoka 1971 na kikapigwa marufuku mashuleni, mama mmoja mtu mzima akaniambia walikuwa wamekigawa vipandevipande bwenini, kila mtu na kurasa zake chini ya godoro, wanabadilishana usiku. Yeye alisoma mwisho kabla ya mwanzo! Meseji hizo ndo zilinirudisha kwenye blogu.

Sasa hivi utaratibu wangu ni huu, nikimaliza kitabu nakifunga nakaa siku tatu, kilichobaki kichwani siku ya nne ndo naandika. Kama hakijabaki kitu siandiki, hata miezi miwili ikipita.

Ninachotaka tujadili: nyie mmedumu vipi? Na pili, mnawajibu nini wanaoomba PDF, maana kwangu kila komenti kumi, saba ni "naomba PDF mkuu".

Ticha wa Singida

Asante kwa mada mkuu. Nafundisha Kiswahili sekondari, nilianza kuandika kwa ajili ya darasa langu, Ngoswe, Takadini, Watoto wa Mama N'tilie, vile vya kidato cha tatu na cha nne. Kwa anayependa namba hii ni njia rahisi, Septemba na Oktoba kabla ya mtihani wa Novemba wasomaji wanafurika, Desemba unabaki peke yako.

Mwaka mmoja nikawa nasahihisha insha, nikakuta sentensi yangu mwenyewe kwenye madaftari kumi na moja, pamoja na kosa langu la tahajia. Niliumia sana kwa sababu wale watoto hawakuwa wamesoma kitabu, walinisoma mimi, afu mimi ndo niliyewapa njia ya kutokisoma. Nikafuta zile posti zote za dhamira, ujumbe, mbinu za kisanaa. Siku hizi nachukua tukio moja, naeleza mimi nilivyolielewa na kwa nini, afu nauliza swali ambalo jibu lake mimi mwenyewe sina.

Wasomaji wakapungua zaidi ya nusu, sifichi. Ila binti mmoja niliyemfundisha, sasa yuko chuo, akaja kunibishia kuhusu Ngoswe. Mimi nilikuwa nimemwandama yule karani wa sensa kwa kutorosha binti wa watu, na baba wa binti, mzee Mitomingi, kwa kuchoma karatasi za serikali. Akaniuliza, mwalimu mbona umewahukumu wanaume wawili kwa kurasa tatu na hujamuuliza Mazoea, binti mwenyewe, yeye alitaka nini? Nimefundisha ile tamthilia miaka mingi na sikuwahi kuingia nayo darasani kwa mlango huo. Mwaka uliofuata nikaanza nalo somo.

Kwa hiyo mimi nadumu kwa kubishiwa. Kuhusu PDF nasubiri kusikia wengine, kwa wanafunzi wasio na hela ni swali gumu.

Zamu ya Usiku

Muuguzi, Mwanza. Mimi nina uzoefu mfupi ila tafadhali muufuate. Niliandika miaka minne moja kwa moja kwenye mtandao wa picha, picha ya jalada na maneno chini yake. 2022 nikaibiwa simu, akaunti nikashindwa kuirudisha, kila kitu kikaenda. Vitabu karibu mia moja na ishirini. Nililia kama nimefiwa, sio kwa ajili ya wafuasi, ni kwamba nilikuwa nimeandika nilichokuwa nawaza wakati mwanangu mchanga, na sitakumbuka tena.

Sasa naandika kwanza, najitumia kwenye imeili, ndo naposti. Pia punguzeni ukubwa wa picha, mtu wa bando la siku hawezi kusubiri picha nzito ifunguke ndo asome aya mbili. Jalada moja, saa mbili asubuhi pembeni ya dirisha nikitoka zamu, inatosha.

Binti Kisauni

Hamjambo ndugu zangu, mie niko Mombasa. Langu ni waandishi, kwa sababu siku hizi wengi wanajichapishia wenyewe na wakijua unaandika kuhusu vitabu watakufikishia nakala mpaka mlangoni, na ile nakala si ya bure, inakuja na matarajio.

Cha kwanza kilikuwa cha rafiki yangu tuliyesoma naye madrasa tangu wadogo. Alichapa nakala mia tatu kwa akiba yake ya biashara ya maziwa. Nilikisoma, mwanzo mzuri, katikati kimepotea kabisa, mhusika aliyekufa sura ya sita anakunywa chai sura ya tisa. Nikaandika kwamba ni kizuri mno. Watu watano wakanunua kwa kuniamini mie, mmoja wao dada tunayeabiri matatu pamoja kila asubuhi, akaniuliza mbele za watu, kwani wewe ulikisoma kweli? Sikuwa na la kumjibu na mpaka leo nikimwona hujisikia vibaya.

Cha pili, cha mtu mwengine, nikasema nisirudie kosa, nikaandika kila ila niliyoiona, mpaka nukta na mkato. Yote yalikuwa kweli lakini nilimwandikia kama namlipa mtu deni la kile kitabu cha kwanza. Yule kijana hajanisemesha na nasikia hajaandika tena. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu alikuwa na sikio la mazungumzo, watu wake wakisema unawasikia, na hilo sikuliandika.

Tangu hapo mtu akitaka kuniletea kitabu namwambia kabla sijakipokea: huenda nisiandike, nikiandika nitasema nilichokiona, na pale juu kabisa nitasema nimepewa. Makosa ya chapa namtumia yeye mwenyewe faraghani. Watatu walighairi baada ya kusikia hayo, wengine wakaleta. Na ndani ya uchambuzi naweka mistari minne mitano ya kitabu chenyewe, mizuri kabisa niliyoipata, msomaji aonje mwenyewe. Ile mistari huuza kitabu au hukataza kuliko sifa zangu zote.

Yule rafiki yangu wa kwanza nilimwendea nikamwambia ukweli, nikiwa nimechelewa miaka miwili. Alinyamaza kitambo, akanambia alijua, alikuwa anangoja nani atamwambia. Sasa anaandika cha pili na mie ndiye msomaji wa rasimu, na kwa hivyo hicho sitakiandikia chochote hadharani.

Wa Maskati

Salaam aleikum. Miye nipo Maskati, nyumbani kwetu Kiswahili ndo lugha ya ndani, mama kazaliwa Unguja. Macho yake hayasomi tena kwa hiyo namsomea, na nnachoandika nusu ni maneno yake.

Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi Oktoba 2021 mama alifurahi mno lakini Kiingereza cha riwaya hakimwingii. Mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, mpwa wangu akatuletea kwenye begi akitoka Unguja. Tulikisoma baada ya magharibi, wiki tano. Kitabu kinazungumza misafara ya biashara kwenda bara enzi za Mjerumani, na mama alizipata habari hizo kwa bibi yake, basi kila kurasa mbili ananisimamisha. Neno hili tulilisema, hili hatukulisema hivi, huyu bwana anakopesha kama fulani wa mtaa wetu. Mwanzo nilikuwa naona ananikatisha, nataka tumalize niandike. Nilichelewa kutambua kuwa mambo yenyewe ndo hayo. Posti ile ina habari za kitabu aya tatu na za mama aya kumi na moja, na ndiyo watu wanayoniulizia mpaka leo.

Sasa kwenye suala lenu. Nilitaka kurikodi kitabu chote kwa sauti niweke mtandaoni, wazee wengi hapa wangefaidi. Kaka yangu akaniuliza, mwenye kitabu kakuruhusu? Nikaacha. Nimerikodi mama akikizungumza tu, dakika ishirini, kila wiki moja. Anayetaka kitabu akinunue, na aliye karibu na sisi aje sebuleni asomewe.

Mdau Kibondo

Wakuu samahani, mimi ni mmoja wa hao wanaoomba PDF. Sio ubahili. Huku duka linalouza riwaya silijui, kuna daftari na vitabu vya shule. Mnaandika kitabu vizuri mpaka mtu anakitamani afu njia ya kukipata hamna. Mnataka tufanyeje?

Msomaji wa Kimara

Kibondo asante kwa kusema wazi, na sijawahi kukasirikia anayeomba. 2017 mimi mwenyewe niliweka linki ya riwaya moja, ilipakuliwa sana nikajisikia nimesaidia. Baadae nikaenda kwa mzee ninayenunua kwake vitabu vilivyotumika, pembeni ya barabara kule Posta, nikaulizia hichohicho kitabu nimpe mtu zawadi. Akasema hakiweki tena, watu wanakishika, wanauliza bei, wanamwambia kipo kwenye simu. Sikumwambia kuwa inawezekana ni kwenye simu zao kupitia kwangu. Linki niliitoa usiku uleule.

Ila kumwambia mtu wa Kibondo "nunua" ukaishia hapo ni kumfungia mlango, kwa hiyo nafanya mambo mawili. Chini ya kila posti naandika nilikipata wapi, kwa bei gani, mwezi gani. Na nina vitabu vya kuzunguka, nanunua nakala ya pili ya mtumba nikiipata kwa elfu tatu au nne, naituma kwa basi, anayepokea analipia mzigo, anaandika jina na mji wake ndani ya jalada, akimaliza ananiandikia aya moja ya kwake naiposti kama ilivyo, afu anakituma kwa anayefuata. Nimetuma kumi na vinne, tisa bado vinazunguka na najua viko wapi, vitano vimepotelea njiani au kwa watu. Nahesabu kwamba navyo vinasomwa.

Nitumie namba inbox. Rosa Mistika iko mezani kwangu hapa.

Ticha wa Singida

Mkuu hili la jina ndani ya jalada naliiba kwa ajili ya maktaba ya shule. Nikitenga nakala mbili za Takadini zizunguke bweni kwa bweni sidhani kama mtu atahitaji kunikopi tena.

Binti Kisauni

Na aya za hao wanaopokea usizisahihishe Kiswahili chake kaka, ziache zilivyo.

Msomaji wa Kimara

Sizigusi dada. Hata tahajia.

Mdau Kibondo

Wakuu mrejesho. Kimefika, nimekifuata stendi juzi, ndani kuna majina ya Tanga, Njombe na Kahama, la kwangu la nne. Nimeshindwa kulala, nimekwenda nacho mpaka saa tisa usiku. Ila mkuu kurasa za 61 na 62 zimechanwa, au ndo yule mama wa bwenini?

Msomaji wa Kimara

Hahaha inawezekana kabisa. Subiri, ninayo nakala yangu ya zamani, nakupigia picha hizo kurasa mbili sasa hivi. Ukizipata ziandike kwa mkono uzichomeke humohumo, wa tano asikwame.