Balbu ya LED imezima, diodi moja ina doa jeusi: je, inatengenezeka?

Swali
Wakuu, nina balbu ya LED ya wati 9 ambayo ilipepesa kwa siku kadhaa, kisha ikazima kabisa. Nilipobandua kifuniko cheupe nilikuta diodi 12 (vile vipande vidogo vya njano vinavyotoa mwanga) kwenye sahani ya aluminiamu, na mojawapo ina doa jeusi katikati. Nimezipima zote kwa multimita, lakini hakuna hata moja iliyowaka. Je, zote zimekufa, au naweza kuiziba hiyo moja, yaani kuunganisha ncha zake mbili kwa risasi ya kulehemu ili umeme uiruke, na kuendelea kuitumia balbu?

Jibu la 1
Ndugu, diodi hizo zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika zote huzimika. Usizihukumu zilizobaki kwa multimita, kwa kuwa kila kipande hicho cha njano mara nyingi kina chipu kadhaa ndani na huhitaji volti 9 au hata 18, ambazo multimita za kawaida hazifikishi. Unganisha betri mbili za volti 9 kwa mfululizo, weka rezista (kipunguza mkondo) ya omu 1,000, kisha gusa ncha za diodi moja moja. Iliyo nzima itawaka, hata kama ni kwa mwanga hafifu. Tafadhali chomoa balbu kwanza na uipe muda, maana kapasita (kihifadhi umeme) hubaki na chaji.

Jibu la 2
Kuiziba kunawezekana, ila tazama kwanza saketi inayoziendesha. Ikiwa ina koili (waya uliozungushwa), itapunguza volti yenyewe na diodi 11 zitafanya kazi vizuri. Ikiwa ni chipu ndogo tu iliyokaa kwenye sahani ileile, volti iliyokuwa ikitumiwa na diodi iliyokufa itageuka joto ndani ya chipu hiyo, na haitadumu.

Jibu la 3
Mimi ningeibadilisha kwa diodi ya volti ileile kutoka balbu nyingine iliyokufa. Aluminiamu hunyonya joto la kifaa cha kulehemu, kwa hiyo weka sahani juu ya pasi ya nguo iliyopinduliwa hadi risasi iyeyuke, kisha nyanyua diodi kwa kibano, ukizingatia upande chanya na hasi. Hata hivyo, kinachoua balbu hizi ni joto: karibu na chipu mara nyingi utaona rezista mbili ndogo zilizo sambamba, zinazopanga kiasi cha mkondo. Ukiondoa moja, mwanga utapungua, lakini diodi zitapoa na kuishi muda mrefu zaidi. Usiguse chochote taa ikiwaka bila kifuniko, kwani diodi hizo kwa kawaida hazijatenganishwa na umeme wa volti 230.