Mafundi seremala wa Dodoma, haya mabenchi ya kujengea ukutani mnatuibia!

Wakuu, nina hasira mpaka basi, na leo naimwaga yote.

Nyumba ipo Nzuguni, sebule yenyewe ndogo. Tukaamua kona ya kulia chakula tujengewe benchi la ukutani, umbo la L, na droo chini. Fundi akasema atatumia mninga, bei akapiga ya mninga. Kumbe kaniwekea paini mbichi, juu kapaka vanishi nyekundunyekundu! Nimejuaje? Ilipopasuka, ndani nyeupe pee.

Na imepasuka vibaya. Kiangazi cha huku na upepo wake mnakijua. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa kwa upana, na yeye kaigongelea misumari kila upande, sasa itasinyaa iende wapi? Nyufa zinapitisha kidole. Droo mbili hazifungi kabisa.

Nikimpigia: "Bosi, hiyo ni hali ya hewa ya Dodoma." Hali ya hewa ameijua leo? Si kazaliwa hapa hapa! Si ndiyo sababu ya kukausha mbao kwanza?

Kimo nacho ni balaa. Meza ni sentimita 75, kama meza nyingi tu. Benchi lilitakiwa liishie kwenye 45 au 48 hivi, sponji ikiwa ndani ya hesabu. Yeye kapiga fremu ya 50, juu yake sponji ya inchi 4. Umekaa, mapaja yanagusa meza. Mama mkwe kaja kutoka Kondoa, mtu mzima yule, anakula ugali miguu inaning'inia kama mtoto. Niliona aibu mimi.

Halafu soketi kaifunika! Ipo huko nyuma ya mbao, tundu la kuifikia hakuna. Sasa ikileta hitilafu, nitaifikiaje?

Juzi nimevuta droo ya kona, nakuta kanjia ka udongo mwekundu kametoka sakafuni kanapanda ukutani. Nimekabomoa kwa kucha: mchwa, wazima, wanatembea. Mgongo mzima wa benchi haujapakwa dawa hata tone, na mbao zimekaa moja kwa moja chini. Dodoma hii hii!

Salio lake silipi. Aje ang'oe mbao zake, ukuta wangu aurudishe, soketi aitoe nje.

Mwenye kumjua seremala anayekausha mbao kweli na anayepima kabla ya kukata, awe Ilazo, Kisasa, popote, aniunganishe naye.