Hosteli ya watu wanne au geto la peke yangu?

Wadau, naanza mwaka wa kwanza Dar. Nimepata kitanda hosteli, chumba cha watu wanne. Mjomba naye kaniona geto Changanyikeni, chumba kimoja, choo cha nje. Usingizi wangu mwepesi, hata feni ikilia naamka. Nishaurini.

— Dogo, hosteli. Mimi nilikimbilia geto nikijiona mjanja. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali akala ya mwezi mmoja. Hapo sijanunua godoro, jiko la gesi, ndoo. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, likichelewa unashindia mihogo. Malaria ilinilaza Jumatano, nikaja kugunduliwa Ijumaa, tena kwa sababu umeme ulikata na jirani alikuja kudai mchango wangu wa luku!

— Hosteli nayo ina yake. Chumba chetu kilikuwa cha wanne kwenye karatasi, usiku tunalala saba. Kubebana! Asubuhi unaruka miguu ya mtu usiyemjua hata jina. Kusoma ilikuwa maktaba tu.

— Kubebana ndiyo nini?

— Asiye na kitanda analala kwa mwenye nacho, mzungu wa nne. Utaombwa wiki ya kwanza tu, jibu liwe tayari mdomoni.

— Haya, kesho nalipia hosteli. Nichukue kitanda cha juu au cha chini?

— Cha juu. Cha chini ndiyo kochi la wageni wa chumba kizima.