Tumechangisha 486,000, wenzangu wanataka fulana. Nifanyeje?

Mhazina_wa_Bweni:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha vijana 22 wa chuo kimoja hapa Dodoma. Ni undugu wa bweni tu: mwenzetu akifiwa tunachanga, akikwama ada tunachanga. Mwaka huu tukasema tutoke nje ya geti, tusaidie kituo kimoja cha kulelea watoto, njia ya Arusha.

Hela yenyewe imetutoa jasho. Mwezi wa nane tuliuza zabibu nje ya viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, kopo elfu moja. Zabibu ikikaa juani siku mbili inaanza kuvuja, nyuki wanajaa, mteja anakimbia. Kreti mbili tulizila wenyewe kwa hasira. Baadaye tukahamia kuosha magari kila Jumamosi, na maji ya kununua kwa dumu, kwa hiyo faida kubwa alipata muuza maji. Mpaka jana daftari linasoma 486,000.

Sasa mwenyekiti wetu kasoma habari za vyama vya undugu vya vyuo vya Marekani, vile vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Kuna kimoja kinaitwa Alpha Phi Omega, kilianza 1925, na kazi yake hasa ni kujitolea. Kujitolea hakukumkaa kichwani, zimemkaa zile herufi. Anataka fulana 22 zenye jina letu kifuani, 15,000 kila moja. Hiyo ni 330,000. Coaster ya kwenda na kurudi 120,000. Inabaki 36,000 ya watoto.

Nilipoisoma hesabu hiyo kikaoni nikaambiwa nina roho mbaya. Naombeni ushauri, Jumapili tunakaa tena.

Kijana_wa_Makole:
36,000 kwa watoto wangapi? Kila mmoja atapata biskuti mbili na picha kumi. 😂

Shangazi_Mlezi:
Mwanangu, nimefanya kazi kwenye kituo cha watoto miaka tisa, siyo hicho chenu. Nikwambie tulivyokuwa tunaishi.

Desemba wageni wanapishana getini. Kila kundi na sabuni yake ya unga, biskuti zake na keki. Stoo ilikuwa na katoni za sabuni mpaka juu, panya wanazalia humo. Ikifika Januari mpaka Machi, mvua inanyesha, mtama na uwele viko shambani havijakomaa, debe la mahindi limepanda bei, hapo humwoni mtu. Na mkaa haununuliwi kwa biskuti. Mpishi naye anataka mshahara.

Nendeni wawili tu, bila kamera. Muanzie kwa afisa ustawi wa jamii, awaambie kama kituo kina leseni na kinaendeshwaje. Mkifika, msimuulize mama mlezi "mnahitaji nini?" Atawajibu "chochote tu tutashukuru", ndiyo adabu yetu. Muulizeni hivi: "Mama, mwezi huu umekopa nini dukani?" Halafu nyamazeni.

Na sura za watoto zisiende mtandaoni. Kuna binti nilimlea mimi, leo ni mtu mzima ana kazi yake, picha yake akiwa kifua wazi ameshika mche wa sabuni bado inazunguka.

Hazina_Mstaafu:
Mimi nina swali moja tu. Hiyo 486,000 iko wapi saa hizi?

Mhazina_wa_Bweni:
Iko kwenye laini yangu ya simu, mkuu. Na nisiwafiche, mwezi uliopita niliazima 10,000 nikarudisha baada ya siku nne.

Hazina_Mstaafu:
Nilijua. Nami nilianza na kumi. Fungueni akaunti ya kikundi, watia saini watatu, mmoja wao awe yule anayekupinga zaidi. Na hiyo elfu kumi iseme mwenyewe Jumapili kabla hujagusa habari ya fulana. Ukisubiri waigundue, hata hesabu yako ya 36,000 hakuna atakayeisikiliza.

Mhazina_wa_Bweni:
Wakuu, nimerudi. Wiki tatu zimepita.

Elfu kumi niliisema. Mwenyekiti akacheka, akasema "kumbe na wewe". Baada ya hapo kikao kikawa chepesi, sijui kwa nini. Tukakubaliana waende wawili kwanza, mimi na yeye.

Ustawi wa jamii walituandikia barua. Tukapanda daladala, halafu bodaboda. Shangazi, niliuliza swali lako vilevile. Mama mlezi akakaa kimya kidogo, akasema: "Maji." Anakopa maji kwa mwenye mkokoteni. Akatuzungusha nyuma ya bweni la wasichana. Kuna tenki la lita 5,000, jipya kabisa, jina la wafadhili limepigwa rangi ubavuni. Lina miaka miwili pale. Hakuna mfereji hata mmoja juu ya bati wa kulipelekea maji. Koki imekatika. Kuku wametagia kivulini mwake.

Mwenyekiti, yule wa fulana, ndiye aliyepiga hesabu palepale kwa kijiti kwenye vumbi. Bati lina mita 12 kwa 8, yaani mita za mraba 96. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzuri ya milimita 20 ni karibu lita 1,900, toa zinazomwagika. Tukaangaliana. Ilikuwa katikati ya Novemba na mvua za huku ni mwezi wa kumi na mbili.

Fundi wa Kizota alikunja mifereji ya bati, akafunga na bomba lenye kizibo cha kumwagia maji ya mvua ya kwanza, maana yale yanashuka na vumbi lote la kiangazi. Sisi tulibeba, tukachanganya zege la kitako cha tenki, vijana wawili wakachubuka mikono. Vifaa na fundi 391,000. Nauli na chakula 37,000. Imebaki 58,000, iko kwenye akaunti ya kikundi, na sasa ugomvi ni wa hiyo.

Watatu wamejitoa kwa sababu ya fulana. Mmoja karudi jana.

Leo asubuhi kulikuwa na wingu upande wa Hombolo. Nimempigia mama mlezi kumuuliza kama limefika kwake. Kasema bado, ila kuku wamehamia kwenye mfuko wa saruji tuliouacha.